Msamaha wa bei ya chee

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo tulilinyamazia kwa miezi. Wengi wenu mnalijua tayari, kambini hakuna siri. Ni ile habari ya sanduku letu.

Kwa ambao hawajui: sisi ni vijana 25, tuna kikundi cha kuweka na kukopa. Kila Jumamosi kila mtu ananunua hisa kwa shilingi elfu moja, mwenye nacho anaweza kununua mpaka tano. Sanduku lina makufuli matatu, na funguo tatu zinatakiwa kukaa kwa watu watatu tofauti. Siku ya kugawana ilipofika tukafungua, tukakuta pungufu ya shilingi 316,000. Mweka hazina ndiye alikuwa amechukua. Hakukataa. Aliinamisha kichwa tu.

Jioni ile ile alikuja mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu sana, akatukalisha duara. Akasema sisi sote ni wenye dhambi, hakuna aliye safi, basi tumsamehe ndugu yetu yaishe, shetani asipate nafasi. Tukashikana mikono, tukaomba, tukaimba. Mmoja wetu akapiga picha. Kesho yake sisi wa kujitolea tukaandika kwenye ripoti: mgogoro mmoja, umetatuliwa. Kazi yote haikumaliza saa moja.

Sasa, kati yetu alikuwepo dada mmoja mwenye watoto wawili. Alikuwa anaweka hela ya kununua cherehani. Miezi kumi na moja aliamka saa kumi usiku kukaanga mandazi ya kuuza sokoni. Katika zile hela zilizopotea, 86,000 zilikuwa zake. Siku ile hakushika mkono wa mtu. Aliuliza swali moja tu: "Na hela yangu je?" Tukamwambia, dada, usiwe na moyo mgumu. Akachukua kanga yake akaondoka. Hajarudi kwenye kikundi mpaka leo.

Tunaandika haya kwa sababu tunaamini yule dada alikuwa sahihi, na sisi tulikosea. Na aliyetusaidia kuliona kosa letu ni mchungaji mmoja wa Ujerumani aliyekufa mwaka 1945, jina lake Dietrich Bonhoeffer.

Mtauliza, Mjerumani huyo tumemtoa wapi? Mchungaji mmoja wa kijiji jirani hapa kambini, mkimbizi kama sisi, alivuka ziwa Tanganyika na begi moja. Ndani ya begi kulikuwa na vitabu viwili vya Bonhoeffer kwa Kifaransa. Kimoja kinaitwa Le prix de la grâce, yaani gharama ya neema. Kwa Kijerumani kilitoka mwaka 1937. Kingine ni De la vie communautaire, juu ya maisha ya pamoja ya Wakristo. Tulikaa watu wanne, wenye Kifaransa cha shule wakiwaelezea wengine, ukurasa kwa ukurasa, mpaka betri ya taa ikawa inazima.

Kwanza tuseme kidogo yeye alikuwa nani, maana msamaha tumeshahubiriwa sana na watu ambao hawajapoteza kitu.

Bonhoeffer alizaliwa mwaka 1906, na alikuwa na pacha wake wa kike, Sabine. Sabine aliolewa na mwanaume mwenye asili ya Kiyahudi. Mwaka 1938 maisha yao Ujerumani yalikuwa hatarini, wakakimbia na mabinti zao wawili kupitia Uswisi mpaka Uingereza. Kwa hiyo pacha wake alikuwa mkimbizi kama sisi. Bonhoeffer mwenyewe alipata nafasi ya kubaki salama. Mwezi wa sita 1939 alikuwa New York, marafiki wamemtafutia kazi, vita inanukia. Alikaa kama mwezi mmoja tu, akapanda meli akarudi. Aliona kwamba asipoteseka pamoja na watu wake, hatakuwa na haki ya kujenga nao tena baada ya vita. Sisi tunaosubiri jina litoke la kwenda nchi ya tatu tulipofika hapo tulinyamaza kidogo.

Aliporudi aliingia kwenye mtandao wa siri wa watu waliotaka kumwondoa Hitler. Mwaka 1942 watu hao walifanikiwa kuwavusha watu 14, wengi wao Wayahudi, mpaka Uswisi. Alikamatwa mwezi wa nne 1943, akakaa gerezani miaka miwili, akanyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Vita ya Ulaya iliisha mwezi mmoja baadaye. Alikuwa na miaka 39.

Mtu wa namna hiyo akikwambia neema ina gharama, unamsikiliza.

Sasa yeye aliona nini? Aliona kanisa kubwa linalobatiza, linaozesha, linazika, na kila Jumapili linawaambia watu dhambi zenu zimesamehewa, nendeni kwa amani. Na watu hao hao wakitoka nje, jirani yao anafukuzwa kazi kwa sababu ya damu yake, nao hawasemi neno. Mwaka 1933 serikali ilitoa sheria ya kuwaondoa wenye asili ya Kiyahudi kwenye kazi za serikali, na kundi kubwa ndani ya kanisa likataka sheria hiyo iingie kanisani pia, iwaguse hata wachungaji. Dhambi inasamehewa kila wiki, na kila wiki inaendelea.

Hiyo ndiyo aliita neema ya bei rahisi. Kwa lugha ya soko letu tungesema neema ya bei ya chee. Ni kama mitumba ya mwisho wa siku, muuzaji anapiga kelele chukua, chukua, anataka tu arudi nyumbani. Hakuna anayeulizwa kitu. Hakuna anayetubu, hakuna anayerudisha, hakuna anayebadilika. Kwa maelezo yake, neema ya namna hiyo inaitetea dhambi, na mwenye dhambi inamwacha pale pale alipokuwa.

Mtu anaweza kusema, lakini neema si ni ya bure? Ndiyo, ni ya bure, hata Bonhoeffer hakatai. Alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Luther, na hilo kwa Luther ni msingi: hakuna mtu anayeweza kuinunua. Ila bure na chee siyo kitu kimoja. Unga wa mgao tunaupata bure. Lakini kuna aliyelima, kuna aliyelipa, kuna dereva aliyelala njiani na lori kwenye matope. Ukiumwaga barabarani kwa sababu ni wa bure, mama zetu watakushangaa. Kwa Bonhoeffer, neema ni ya bure kwako unayepokea, lakini ilimgharimu Mungu uhai wa Mwanawe. Na ukiipokea kweli haikuachi ulivyo, inakuita uinuke ufuate.

Baada ya kusoma hivyo tukairudia ile jioni ya sanduku, tukaona makosa yetu matatu.

Kosa la kwanza, tulisamehe hela isiyo yetu. Wengi wetu pale tulipoteza elfu nane, elfu kumi. Ni rahisi kuwa na moyo mkubwa kwa elfu nane. Yule dada alipoteza cherehani, na sisi tukamsamehe mweka hazina kwa niaba yake bila kumuuliza. Kisha tukamgeuza yeye ndiye mkosaji. Jamani, mtu anaibiwa, halafu anaambiwa yeye ndiye mwenye moyo mgumu! Ile ilikuwa dhuluma ya pili, na tuliifanya tukiwa tumefumba macho tunaomba.

Kosa la pili, tulimwacha mwenye kosa peke yake. Hili hatukulitegemea, tulilipata kwenye kile kitabu cha maisha ya pamoja. Kuanzia mwaka 1935 Bonhoeffer aliongoza chuo kidogo cha wachungaji vijana mahali panaitwa Finkenwalde, mpaka polisi wa siri wakakifunga mwaka 1937. Pale waliishi pamoja, wakala pamoja, bila shaka wakagombana pia. Yeye aliona kwamba kwenye kundi la watu wa dini kila mtu anajifanya safi, kwa hiyo mwenye dhambi anajificha. Na dhambi inapenda hivyo, inapenda mtu akae peke yake gizani. Dawa aliyoitoa ni kwenda kwa ndugu mmoja, mtu mwenye uso na masikio, ukamwambia kosa lako kwa jina lake. Maana ukijifungia ukasema umeungama kwa Mungu, pengine umejiungamia mwenyewe na kujisamehe mwenyewe. Wale vijana waliona jambo hili geni, wakidhani ni la Wakatoliki tu. Bonhoeffer hakuwalazimisha. Alimwomba mmoja wao asikilize maungamo yake yeye mwenyewe, mwalimu.

Sisi tulifanya kinyume. Hakuna aliyemuuliza mweka hazina alianza lini, kwa nini, hela ilienda wapi. Tulimwambia amesamehewa kabla hajafungua mdomo, na maana yake ilikuwa, nyamaza, hatutaki kujua. Baada ya hapo alikuwa anakuja kwenye mkutano anakaa karibu na mlango. Bombani anachota maji mwisho. Sisi tuliosema tumemsamehe, akipita tunarudisha simu mfukoni. Msamaha wa namna gani huo?

Kosa la tatu ndilo linalotuuma zaidi. Zile funguo tatu. Walioshika funguo mbili nyingine walichoka kuja kila Jumamosi, wakampa yeye zote. Wengi tulijua. Tulimwona akifungua makufuli yote matatu peke yake, wiki baada ya wiki, na hatukusema kitu, kwa sababu ilikuwa inaturahisishia. Yeye aliiba, hilo ni lake. Lakini mlango tuliufungua sisi.

Hapa tena Bonhoeffer alitushika shati. Mwaka 1940, Ujerumani imeshaishinda Ufaransa na watu wengi kwao wanashangilia, yeye alikaa akaandika maungamo marefu ya kanisa, akipita amri kumi moja baada ya nyingine. Hakuandika juu ya Hitler, aliandika juu ya kanisa: kwamba liliona damu isiyo na hatia ikimwagika na halikupaza sauti. Na yeye alikuwa mmoja wa wachache waliosema mapema. Angeweza kusema, mimi simo. Hakusema hivyo. Maandishi hayo yalitoka kitabuni mwaka 1949, yeye ameshakufa.

Basi tulifanya nini? Wawili wetu, mmoja wao akiwa ni yule aliyeachia funguo, walienda kwa mweka hazina usiku. Hawakuanza kwa kumuuliza. Aliyeachia funguo alianza yeye: mimi nilikupa ufunguo kwa uvivu wangu, nisamehe. Kaka yetu alilia. Halafu akaeleza. Mama yake ng'ambo ya ziwa alikuwa anaumwa, alituma elfu 50 akisema atarudisha. Hakuweza kurudisha. Akachukua nyingine akaweka kwenye kamari ya mpira ili aipate ile ya kwanza. Mengine mnaweza kumalizia wenyewe.

Alipomaliza hakuambiwa basi yaishe. Aliambiwa sisi ni ndugu zako, na hela ya dada inarudi kwanza. Sasa hivi kila mwezi anatoa shilingi 10,000 kwenye insentivu yake, na imeandikwa. Miezi mitatu imepita, 30,000 zimefika kwa dada. Alipopelekewa za kwanza alizihesabu, akasema asante, akafunga mlango. Hatukumwambia arudi.

Kuna ambao watasema, kwa hiyo mnauza msamaha, alipe kwanza ndipo asamehewe. Hapana. Mkumbuke Zakayo mtoza ushuru. Yesu aliingia nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti. Ugeni ulitangulia, hela ikafuata. Lakini ilifuata! Zakayo alisimama akasema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Kulipa siyo bei ya neema, ni dalili kwamba neema imefika kweli ndani ya nyumba. Na mwenzetu mmoja Mwislamu kwenye kikundi alituambia hata kwao ni hivyo: ukimdhulumu mtu, toba yako haijatimia mpaka haki yake irudi au mwenyewe akuachilie. Sisi wote tulijua jambo hili. Tulilisahau kwa sababu tulitaka jioni iishe vizuri.

Kuna swali lingine ni zito kuliko la sanduku, na hatuwezi kulikwepa. Tuko hapa kwa sababu ya vita. Kati yetu kuna mama aliyeuliwa mume mbele yake, na waliofanya hivyo hawatakuja kuungama kwa mtu, wengine hata majina yao hayajulikani. Kila semina ya amani tunaambiwa samehe, samehe, utapata amani ya moyo. Je, neema yenye gharama inasema nini kwa yule mama?

Sisi tunaona hivi. Kuacha kulipiza kisasi ni jambo moja, na kusema yameisha ni jambo lingine. La kwanza tunalihitaji sote, la sivyo tutauana hapa hapa kambini, maana tunaishi na majirani ambao kaka zao walikuwa upande ule. Hilo tunaweza kulisisitiza hata kwa sauti kubwa. Lakini la pili hakuna semina inayoweza kumdai yule mama. Bonhoeffer anafundisha kwamba kumsamehe mtu ni kuubeba mzigo wa dhambi yake, na mzigo wa namna hiyo haubebeshwi mtu na mwingine aliyekaa kwenye kiti. Sisi tulio pembeni kazi yetu siyo kumharakisha. Kazi yetu ni kubeba naye: kumchotea maji, kukaa naye siku ya kumbukumbu ya mume wake, kusikia hadithi ile ile mara ya ishirini bila kuangalia saa. Siku akisamehe, itakuwa ni kati yake na Mungu wake. Asiposamehe, bado ni mama yetu.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, tunawapenda na tunajua mna ripoti za kupeleka. Lakini tunaomba ile sanduku ndogo ya fomu inayouliza migogoro mingapi imetatuliwa msiijaze siku ya kupeana mikono. Rudini baada ya miezi mitatu, muulize aliyeumizwa, siyo kiongozi wa kikundi. Na sisi wa kujitolea tuache kuandika kile tunachodhani mnapenda kusoma. Ripoti ile ya "umetatuliwa" tuliiandika sisi, na haikuwa kweli.

Kwenu vijana wenzetu, tunapendekeza mambo matatu, tumeanza kuyajaribu wenyewe. Moja, penye kosa, aliyeumizwa aongee kwanza, na asikatishwe. Mbili, mkosaji apate mtu mmoja au wawili wa kumsikiliza faragha kabla ya duara la watu wote, na kinachorudishwa kiandikwe. Tatu ni sheria ya Finkenwalde, na ndiyo ngumu kuliko zote: usimseme mwenzako akiwa hayupo, na ukiteleza ukamsema, nenda ukamwambie kwamba ulimsema. Sisi tuliijaribu wiki ya kwanza. Watu saba walikuwa wanatembea zoni nzima kuombana radhi. Tulicheka, lakini hata bombani maneno yamepungua.

Yule mzee wa kanisa tulimsomea maandishi haya kabla ya kuyatuma, maana siyo adabu kumwandika mzee bila yeye kujua. Alikaa kimya, kisha akasema, wanangu, mimi nimezika watu wengi, niliogopa mgombane. Tunamwelewa. Amesema atakwenda kwa dada mwenyewe.

Na wewe dada yetu, najua simu ya jirani inakufikia. Tulikukosea. Tulikuita mwenye moyo mgumu ulipodai haki yako, tena mbele ya watu, ndiyo maana tunayasema haya mbele ya watu. Hatukuombi urudi na hatukuombi useme umesamehe. Zimebaki 56,000, na zisipotimia kutoka kwake kabla ya mwaka kuisha, sisi 23 tuliobaki tumekubaliana kuchangia, kwa sababu funguo zile tuliziona sote.

Jumamosi tunakutana kama kawaida, saa nane, chini ya ule mwembe. Wenye maoni tofauti waje, tunasikiliza. Na wanaoshika funguo waje wote watatu.